Betri ya pili kwenye Land Cruiser ya safari: friji inazima saa nane usiku, fundi anataka ninunue lithiamu

Mwana_Kogatende (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Madereva wa safari na mafundi waya, hasa wa Arusha, naombeni msaada kabla sijatoa hela ambayo mama watoto anajua ni ya ada.

Gari ni Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, imerefushwa, paa la kuinuka, viti saba vya wageni. Umeme ni volti 12. Chini ya boneti kuna N70 ya kuwashia. Nyuma, chini ya kiti cha mwisho, kuna AGM (betri ya risasi iliyofungwa, isiyoongezwa maji) ya ampea-saa 100. Katikati nimefunga rilei ya volti, ile inayounganisha betri mbili umeme ukifika 13.3 na kuziachanisha ukishuka 12.8. Betri ya nyuma inalisha friji ya lita 45, inveta ya wati 600 kwa ajili ya kamera, taa za ndani na tundu za USB kwenye kila kiti.

Sababu ya kuweka betri ya pili ni aibu niliyoipata mwaka juzi mwezi wa tisa, mto Mara, upande wetu wa Kogatende. Nyumbu walikuwa wamejaa ukingoni tangu saa nne asubuhi. Mnajua inavyokuwa: injini imezimwa, redio ya upepo (ya kuongea na madereva wenzangu) iko wazi, friji inanguruma, wageni sita kila mmoja na chaja yake. Saa nane na nusu nyumbu wa kwanza akajitosa, magari yote yaliyokuwa yamejificha nyuma ya vichaka yakawasha na kusogea. Mimi nikazungusha ufunguo, tik tik tik. Kushuka kusukuma haiwezekani, maana simba jike wawili walikuwa wamelala kivulini hatua kama sitini hivi. Wageni wangu waliliona vumbi la nyumbu. Nyumbu wenyewe waliwaona jioni kwenye simu za wageni wa gari lingine. Bakshishi ya safari ile naomba msiniulize.

Tangu nifunge betri ya pili stata haijanigomea hata siku moja. Tatizo limehamia nyuma. Tukilala kambini Seronera, friji inazima saa nane au saa tisa usiku. Siagi inayeyuka, nyama inaanza kunuka siku ya tatu, mpishi ananiangalia kama nimemwibia. Hii ni AGM ya tatu ndani ya miezi 18. Alteneta, ile inayozungushwa na injini kuchaji betri, imepimwa, wanasema ni nzima. Fundi wangu ameshauri nitoe AGM niweke lithiamu ya 200. Nimeulizia bei nikakaa chini.

Nakosea wapi?

Mzee_wa_Mikumi

Kijana, hiyo 100 ni ndogo. Weka N200 mbili za maji, zile za lori. Sisi zamani tulikuwa tunabeba hivyo mpaka Katavi na kurudi, na hatukuwa na hizo AGM zenu.

Tajiri_Mtarajiwa

N200 mbili si ni kilo mia na ushee, Mzee? Gari litakaa kama mbwa anayeomba mfupa. Dunia imehama, mkuu. Lithiamu, basi. Unaitumia mpaka tone la mwisho, nyepesi, inajaa haraka. Uzi ungeishia hapa.

FundiWaya_Ungaltd

Mwana Kogatende, ficha hizo hela kwanza.

Tupige hesabu ya sokoni. Kompresa ya friji ya lita 45 ikizunguka inakula ampea 4 hadi 5, lakini haizunguki muda wote. Usiku wa Seronera una ubaridi, tuseme inazunguka theluthi moja ya muda, wastani wake ni ampea moja na nusu. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi ni ampea-saa 18. Ongeza taa na simu, fanya 25. AGM ya 100 iliyojaa, ukijizuia kuitumia zaidi ya nusu ili isife mapema, inakupa 50. Kwa hiyo ilitakiwa ifike asubuhi na chenji ibaki. Haifiki. Maana yake inaingia usiku ikiwa na njaa. Ukiweka betri ya 200 kwenye mazingira hayohayo utakuwa na betri ya 200 yenye njaa.

Naomba unipimie vitu. Tafuta multimita, mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei ya soda. Washa gari, washa friji, weka mzigo kwenye inveta, kanyaga mafuta kidogo mzunguko ufike 1500, halafu:

Kwanza pima vichwa vya betri ya mbele, kisha vichwa vya betri ya nyuma, mzigo uleule. Baada ya hapo chukua waya mrefu, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya mbele na nyingine kwenye chanya ya nyuma. Usiogope, hutapata shoti, unapima kinachopotea njiani. Fanya vivyo hivyo kwa hasi na hasi. Ukipata ile mita ya mdomo inayong'ata waya, niambie pia ni ampea ngapi zinapita. Halafu tazama waya wenyewe: unene wake umeandikwa kwenye ganda. Usinitajie rangi, rangi haipitishi umeme.

Tajiri_Mtarajiwa

Kupima pima huko ni kwa watu wenye muda.

FundiWaya_Ungaltd

Na wenye betri mbili zilizokufa na ya tatu mahututi, mkuu.

Samburu_Nyayo

Nafuata huu uzi kutoka Isiolo. Yangu ni pikapu ya juzijuzi na shida ni kama hiyo lakini si hiyo. Ngoja kwanza huyu ndugu alete namba, nitaeleza.

Mwana_Kogatende

Nimerudi. Jana nilikuwa na wageni wa kutwa Tarangire, leo gari liko nyumbani. Mita nimeazima kwa jirani anayetengeneza TV. Namba ni hizi, injini ikiwa 1500, friji na inveta vinafanya kazi:

Betri ya mbele 14.1
Betri ya nyuma 13.2
Chanya kwa chanya 0.55
Hasi kwa hasi 0.35
Ampea kwenye waya 25

Waya ni milimita 6 za mraba, umepita chini ya sakafu, kwa kuukadiria ni mita sita na nusu kutoka mbele hadi nyuma. Hasi ya nyuma haikuvutwa mbele, fundi aliibana kwenye boliti ya kiti. Nimeifungua hiyo boliti. Chini ya ile ringi kuna rangi ya gari, nzuri kabisa, inang'aa, na kutu kidogo pembeni.

Nimeanza kuelewa ila nieleze.

FundiWaya_Ungaltd

Umepata jibu mwenyewe, mimi nasoma tu. 0.55 jumlisha 0.35 ni 0.9. Toa kwenye 14.1 unapata 13.2. Volti zako hazikuibwa, zimeliwa njiani.

Shaba ina ukinzani wa takriban om 0.0175 kwa kila mita ya waya wenye unene wa milimita moja ya mraba. Zidisha mita 6.5, gawanya kwa 6, unapata om 0.019. Pitisha ampea 25: 0.47 imepotea kwenye shaba tupu, na hicho kilichozidi ni viungio na fyuzi. Huo ni upande wa chanya. Upande wa hasi umeme wako unapita kwenye rangi. Rangi iliwekwa kuzuia kutu, haikuwekwa kupitisha umeme, kwa hiyo inafanya kazi yake vizuri.

AGM inataka kama 14.4 ili ijae. Wewe unaipa 13.2. Kwa 13.2 itapokea, taa ya rilei itawaka, utaona kila kitu kinafanya kazi, na utakuwa unarudisha kidogo kuliko unachotumia kila siku. Betri ya risasi inayokaa nusu tumbo inaota salfeti ngumu kwenye mabamba yake. Salfeti hiyo ikikomaa, hata ukija kuipa 14.4 baadaye inakuwa kama mtu aliyelala njaa mwaka mzima: tumbo limesinyaa. Ndio sababu umezika mbili na ya tatu iko njiani.

Mwalimu_wa_Moshi

Fundi, nimefuata hesabu, iko sawa, lakini kuna kitu umekiruka. Upotevu kwenye waya unategemea ampea. Betri ikianza kujaa inavuta ampea chache, na zikiwa chache upotevu unapungua. Zikibaki ampea 5, ile 0.9 inakuwa kama 0.18. Kwa hiyo mwishowe betri ya nyuma ingeona volti karibu sawa na ya mbele. Kwa nini basi haijai?

FundiWaya_Ungaltd

Swali zuri, mwalimu. Ingejaa. Kama angeendesha Arusha hadi Mwanza bila kusimama, kesho yake akarudi.

Kwanza, friji na inveta hazisubiri betri ijae. Zinavuta mchana kutwa kwenye waya uleule, kwa hiyo ampea hazishuki mpaka tano anazozisema mwalimu. Pili, gari la safari halitembei. Hesabuni siku ya mbugani: anatoka saa 12 na nusu, anaendesha dakika kumi, anazima kuangalia chui. Dakika tano, anazima kuangalia tembo. Saa nzima kwa duma. Injini inaweza kuwaka saa tatu au nne kwa jumla, na nusu ya hizo ni sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) au gia ya kwanza, wakati alteneta inazunguka polepole na ni ya moto. Alteneta ya ampea 80 haitoi 80 ikiwa kwenye sailensa. Na betri ya risasi, hata ukiipa kila inachotaka, ile asilimia ishirini ya mwisho inaingia polepole kwa saa nyingi. Huwezi kuilazimisha, ni kama kumlisha mtoto uji.

Kwa hiyo anahitaji kila volti ifike nyuma katika hizo saa chache alizonazo. Barabara yenyewe ni fupi, halafu amewekewa geti katikati.

Mwalimu_wa_Moshi

Nimeridhika.

Mama_Jiko_Kambini

Wanaume mmeongelea waya wa betri kurasa nzima, hakuna aliyeuliza friji imechomekwa wapi.

Mimi ni mpishi wa kambi, mwaka wa kumi na moja huu nalala kwenye mahema na hizo friji. Mwana Kogatende, angalia mambo mawili. Kwanza, plagi. Kama umechomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara, shika plagi friji ikiwa inanguruma. Ikiwa ya moto, hapo umeme wako unapika. Pili, friji nyingi zina mpangilio wa kulinda betri, ngazi tatu, ya juu, ya kati na ya chini. Ngazi ya juu imewekwa kwa ajili ya mtu aliyeunganisha friji kwenye betri ya kuwashia gari, inazima mapema ili gari liwake asubuhi. Wewe una betri ya pili. Ukiiacha ngazi ya juu friji inazima wakati betri bado ina chakula.

Na la tatu ingawa sikuliahidi: friji haipozwi na betri. Ipozwe nyumbani kwa umeme wa ukutani, usiku kucha kabla ya safari, na vinywaji ndani. Madereva mnakuja asubuhi na kreti za soda za moto, mnazipakia, halafu mnalaumu betri. Soda za moto mziongeze mchana injini ikiwa inawaka. Usiku hakuna kufungua kufungua.

Mwana_Kogatende

Mama Jiko shikamoo yako ipokee kutoka hapa nilipo.

Nimeenda kwenye gari sasa hivi. Plagi ni ya kiberiti. Ni ya moto. Waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye tundu ni mwembamba kama wa spika. Kioo cha friji kinaandika 11.6 wakati huohuo kwenye vichwa vya betri napata 12.2. Na ngazi ya ulinzi iko juu, iko hivyo tangu nilipoitoa kwenye boksi.

Yaani saa nane usiku betri haikuwa imekufa. Friji ilidhani imekufa.

FundiWaya_Ungaltd

Mama Jiko, nakuvulia kofia. Hilo la friji sikuliuliza, na lilitakiwa liwe swali la kwanza.

Kwa tundu la kiberiti: litoe. Vuta waya wa milimita 4 kutoka kwenye betri, fyuzi ya 15 mwanzoni, na tundu la aina inayojifunga, isiyochomoka njia ikiwa na mawimbi kama bati. Kati ya geti la Naabi na Seronera hicho kiberiti kinaruka ndani ya tundu lake kama mahindi kwenye kikaango.

Samburu_Nyayo

Sasa niseme yangu. Pikapu ya kisasa, ile alteneta inayoamriwa na kompyuta. Mekanika wa jua kali alinifungia rilei kama ya huyu ndugu. Nikitoka Isiolo, dakika za kwanza naona 14.4, nafurahi. Kabla ya kufika Archer's Post imeshuka 12.7 na rilei imekata. Nafika Marsabit lami tupu, masaa ya kuendesha, betri ya nyuma iko vilevile. Nilidhani alteneta imeharibika, nikataka kununua nyingine. Kumbe imeundwa hivyo: gari ikiona betri ya mbele imetosha, inashusha umeme kuokoa mafuta, na inaupandisha tu ukiachilia mafuta au ukishuka mlima.

Dawa yangu ilikuwa chaja ya DC-DC. Inakaa kati ya betri mbili, inachukua umeme wowote unaokuja, inaupandisha hadi ile 14.4 inayotakiwa na betri ya nyuma. Yangu ni ya ampea 30. Kuna waya mmoja mdogo lazima uunganishwe na swichi ya ufunguo ili ijue injini inawaka, kwa sababu kwa magari haya haiwezi kutegemea volti peke yake. Fundi wa kwanza aliuacha ukining'inia. Nilikaa wiki mbili Loiyangalani na chaja ya bei mbaya iliyokuwa inalala.

Mwana_Kogatende

1HZ yangu haina kompyuta hata ya kuhesabia nauli. Je, nahitaji hiyo DC-DC?

FundiWaya_Ungaltd

Itakusaidia, kwa sababu alteneta yako ikipata moto inashuka hadi 13.8 hivi na AGM inataka zaidi. Lakini sio kesho. Anza na waya. Na usidhani DC-DC inasamehe waya mwembamba: ili itoe ampea 30 upande wa nyuma itavuta zaidi ya 30 upande wa mbele, volti zikipungua njiani ndio inavuta zaidi.

Nunua waya wa kuchomelea, milimita 25, ule mlaini. Vuta miwili, chanya na hasi, yote ije mbele. Hasi usiiache kwenye boliti ya kiti tena. Lagi, zile ringi za ncha za waya, zibanwe kwa mashine, zisipigwe nyundo. Hesabu ileile: 0.0175 mara 6.5 gawanya 25 mara ampea 25, unapoteza 0.11 kwa kila upande. Kutoka 0.9 unabaki na 0.2 na kidogo.

Tajiri_Mtarajiwa

Sawa, mmeshinda kwenye waya. Ila akiweka waya huo mnene NA lithiamu, si ndio peponi?

FundiWaya_Ungaltd

Hapo ndipo watu wanachoma alteneta.

Lithiamu tunayoisema, ya fosfeti ya chuma, seli nne, volti 12.8, ni betri nzuri, sina ugomvi nayo. 100 yake unaitumia karibu yote, uzito nusu au chini ya hapo. Lakini ina koo kubwa. AGM ikijaa jaa inajikunja yenyewe na kupunguza ampea. Lithiamu inameza kila unachompa mpaka dakika za mwisho. Ukiiunganisha kwa rilei na waya mnene moja kwa moja, alteneta inafanya kazi kwa nguvu zake zote, na kwenye sailensa feni yake haipati upepo wa kutosha. Nimezifungua, waya wa ndani una rangi ya kahawa iliyoungua.

La pili hulisikii dukani. Rilei yako inakata ikishuka 12.8. Lithiamu ikiwa imepumzika inakaa 13.2, 13.3 bila kuchajiwa na mtu. Kwa hiyo ukizima injini rilei haikati, inaona 13.2 inadhani bado unachaji. Betri zako mbili zinabaki zimeshikana mikono usiku kucha, na ile aibu ya Kogatende inarudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo lithiamu lazima iende na DC-DC, na hesabu ya bei ianzie hapo. Na isikae chini ya boneti, joto la pale halifai. Baridi isikutishe, isipokuwa usiichaji chini ya sifuri. Kule kambi ya Simba, ukingoni mwa Ngorongoro, mwezi wa saba tunavaa makoti mawili mawili, lakini maji ya kunawia sijayakuta yameganda.

Kinyerezi_Diesel

Waya mnene bila fyuzi ni utambi. Naongea kwa sababu nilikuwepo.

Gari la jamaa yangu, waya wa kuchomelea kutoka mbele hadi nyuma, fyuzi moja tu, mbele. Ulipita chini ya sakafu ukiegemea ukingo wa chesisi, hakuna mpira, hakuna kibanio. Miezi kadhaa ya njia mbaya ukingo ukala ganda. Tunashuka Ngorongoro kuelekea Olduvai, harufu kama ya kiatu kinachoungua. Fyuzi ya mbele ilikatika vizuri kabisa. Lakini betri ya nyuma nayo ina umeme wake, ikawa inausukuma kuja mbele hadi pale paliposhika chuma, na upande ule hakuna fyuzi. Wageni walishuka wenyewe bila kuambiwa. Tulikata waya kwa panga lililofungwa kipande cha tairi.

Fyuzi mbili. Moja karibu kabisa na kila betri, mkono mmoja kutoka kwenye kichwa cha betri. Na waya upite ndani ya bomba.

Mzee_wa_Mikumi

Hilo la fyuzi mbili nimelipokea, sikuwa nalifanya.

Na mimi niulize. Redio ya upepo mnaifunga betri ipi? Mimi siku zote mbele.

Kinyerezi_Diesel

Nyuma. Redio ndiyo inayokaa wazi kutwa, ndiyo inayomaliza betri ya kuwashia.

Mzee_wa_Mikumi

Na betri ya nyuma ikifa usiku na mgeni ameumwa, utaita kwa filimbi?

Kinyerezi_Diesel

Nitawasha gari, Mzee. Betri ya mbele si ndiyo nzima?

Mzee_wa_Mikumi

Kama gari ndilo limekufa?

FundiWaya_Ungaltd

Wekeni swichi ya kuchagua, mbele au nyuma, mlale. Ni swichi ndogo tu.

Nikiwa hapo: wale wenye Land Cruiser za dizeli za zamani zaidi, zile mnazofungua boneti na kukuta betri mbili tayari. Msidhani mna betri ya pili. Baadhi ni za volti 24, betri mbili zimefungwa mfululizo na zote ni za kuwashia. Ukichomeka friji ya 12 kwenye moja yake utaipunguza hiyo peke yake, mwenzake atachajiwa kupita kiasi, utazika zote mbili. Pima kwanza kwenye stata.

Na kile kitufe cha dharura cha kuunganisha betri mbili: kwa rilei hizi si cha kupiga stata hapohapo. Stata ya 1HZ inavuta mamia ya ampea. Bonyeza, subiri dakika kumi betri ya nyuma iinyweshe ya mbele, ndipo uzungushe ufunguo.

Samburu_Nyayo

Na sola? Huko mtoni mnakaa saa tano injini imezimwa, jua la utosi. Hapo alteneta yenu ni pambo.

FundiWaya_Ungaltd

Kweli kabisa. Paneli ya wati 100 juu ya paa, siku nzuri, ukitoa vumbi na joto, inarudisha ampea-saa kama 30. Hiyo ni zaidi ya friji yake ya usiku mzima. Kwa mtu wa Kogatende ni hela nzuri kuliko lithiamu. Tatizo ni dereva: akifika hoteli anatafuta mti wa kuegesha.

Mwana_Kogatende

Mrejesho, wiki mbili baadaye. Samahani kwa ukimya, nilikuwa Ndutu.

Waya wa milimita 25 umevutwa, chanya na hasi, ndani ya bomba, fyuzi ya 60 kila upande. Boliti ya kiti imerudishiwa kazi yake ya kushika kiti. Namba mpya, mzigo uleule: mbele 14.1, nyuma 13.9. Tundu la friji limebadilishwa, sasa kioo cha friji na mita vinapishana kwa 0.1. Ngazi ya ulinzi nimeshusha iwe ya kati.

Kisha nikamfanyia betri mtihani alioniambia Fundi kwa simu. Nikaichaji nyumbani kwa chaja ya ukutani saa 24, nikaiacha ipumzike, nikaiwekea balbu moja ya taa ya mbele, wati 55, nikakaa nayo. Watoto walidhani ni mtambo wa kuangulia vifaranga. Ilipofika 10.8 zilikuwa zimepita saa 11. Ampea nne na nusu mara 11 ni kama 50. Kwa hiyo AGM yangu ya 100 ni ya 50 sasa. Nusu nimeiua mwenyewe.

Ila sijaibadilisha. Niliondoka nayo hivyohivyo, friji nimeipoza nyumbani usiku mzima kama alivyoagiza Mama Jiko. Usiku nne Ndutu na Seronera. Nilikuwa naamka saa 11 alfajiri kupima, wageni walidhani nasali. Asubuhi mbaya kuliko zote ilikuwa 12.1. Friji haikuzima. Siagi ilikuwa ngumu hadi mpishi akalalamika haipakiki kwenye mkate.

Kinachofuata ni paneli. Lithiamu itasubiri watoto wamalize shule.

Mama_Jiko_Kambini

Siagi itolewe nusu saa kabla ya chai. Huyo mpishi ni mgeni?

FundiWaya_Ungaltd

Safi. Sasa rudi ukakaze nati za vichwa vya betri. Waya mpya unalala, lagi zinatulia, na umetoka kwenye njia mbaya.

Mwana_Kogatende

Nimekaza sasa hivi. Ya hasi, nyuma, ilikuwa imelegea robo mzunguko.